Maziwa Yaliyokatika Sufuriani: Molekuli Kubwa za Viumbe Hai na Kazi za Vyama Vyetu

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Kaloleni, Arusha



Asubuhi moja nilikuwa katika chama kimojawapo cha msingi, miteremkoni mwa Mlima Meru, nikilinganisha daftari la mapokezi ya maziwa na hati za malipo, mara pakazuka mzozo mlangoni. Mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa amekataliwa ndoo yake. Katibu alitumbukiza laktomita ikasoma 36, ilhali maziwa ya ng'ombe yaliyo safi aghalabu husoma baina ya 28 na 32. Akachota kidogo akachemsha. Kabla hayajafura vizuri yakakatika mapande mapande. Hukumu ikatolewa pale pale: mama ametia maji, kisha akatia unga ili maji yasionekane. Halmashauri ilikuwa ikutane alasiri ile ile, na kwa kosa la namna hiyo masharti ya chama yaliruhusu faini, pamoja na kumsimamisha mwanachama asilete maziwa kwa miezi mitatu.

Mama yule hakupiga kelele. Alisema tu, "Katibu, mwanangu, huo unga wa kutia kwenye maziwa niupate wapi, na wa ugali wenyewe hautoshi?"

Nilimwomba katibu asiyamwage maziwa yale, nikaomba pia mwenyekiti anipe muda hadi halmashauri itakapokaa. Sikufanya hivyo kwa huruma. Mkaguzi hana ruhusa ya kuhukumu kwa huruma, kama vile katibu asivyo na ruhusa ya kuhukumu kwa dhana. Nilifanya hivyo kwa sababu ushahidi uliotolewa ulikuwa na majibu zaidi ya moja, na kuyatenganisha majibu hayo kulihitaji kujua maziwa yameundwa na nini. Nimeona tangu siku ile kwamba mabishano mengi ya vyama vyetu, ya maziwa, ya kahawa, hata ya mbegu, yanatokana na mambo ambayo hatukuyaona kwa macho. Ndiyo maana naomba nafasi katika jarida hili nieleze habari za molekuli kubwa zinazojenga viumbe hai. Ndoo ya mama yule tutairudia.

Shanga na nyuzi zake

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na atomu zikishikana hufanya molekuli. Molekuli ya maji ni ndogo mno; ina atomu tatu tu. Molekuli ya sukari iitwayo glukosi ina atomu 24. Lakini ndani ya mmea, mnyama na mwanadamu zimo molekuli zenye maelfu ya atomu, na nyingine mamilioni. Hizo ndizo molekuli kubwa.

Mwenye kutaka kuzielewa na awatazame akina mama wa Kiarusha na wa Kimaasai wanapotunga shanga. Ushanga mmoja ni mdogo na hauna la ajabu. Aina za shanga zilizomo katika kikapu si nyingi. Lakini kwa kubadili mpangilio, urefu wa uzi na namna nyuzi zinavyofungwa, hutoka mkufu, mkanda au pambo la bibi harusi, na hakuna anayedhani kimoja ni kingine. Viumbe hai hufanya vivyo hivyo. Huchukua molekuli ndogo za aina chache, huzitunga katika minyororo mirefu, na mpangilio ndio unaoamua kazi.

Jambo hili halikukubaliwa upesi. Mwaka 1920 mkemia wa Kijerumani Hermann Staudinger alitoa hoja kwamba vitu kama mpira na wanga ni minyororo mirefu iliyoungana kwelikweli. Wakemia wenzake wengi walimpinga, wakisema hayo ni makundi tu ya molekuli ndogo zilizokumbatiana. Ilimchukua miaka mingi kuwashinda kwa vipimo, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa desturi molekuli hizi hugawanywa katika makundi manne: wanga na jamaa zake za sukari, mafuta, protini, na asidi za nyuklia zinazobeba urithi. Mafuta yamo katika orodha kwa heshima zaidi kuliko kwa haki, maana hayatungwi katika mnyororo mrefu kama wenzake.

Ndizi, bua la mahindi na ute wa kahawa

Wanga ni mnyororo wa glukosi. Ndizi mbichi ya kupika, kiazi, na punje ya mahindi vimejaa wanga, kwa sababu mmea huweka akiba yake humo. Ndizi ikiiva, vimeng'enya vilivyomo ndani yake hukata minyororo ile na kurudisha sukari. Ndiyo maana tunda lile lile lililokuwa kavu mdomoni mwanzoni mwa juma huwa tamu mwisho wa juma, bila mtu kuongeza sukari hata chembe. Watengenezaji wa mbege wameijua kazi hii tangu zamani, ingawa hawakuiita kwa jina la kitaalamu. Ulezi ukiloweshwa na kuachwa uchipue huamsha vimeng'enya vya kukata wanga, na hamira hupata sukari ya kugeuza kuwa pombe.

Sasa litazame bua la mahindi. Nalo limeundwa kwa sehemu kubwa na glukosi, ileile. Lakini glukosi za bua zimeunganishwa kwa namna nyingine, kila moja ikiwa imegeuzwa kinyume cha mwenzake, na mnyororo unaotoka umenyooka na kulala sambamba na mingine kama kuni katika mzigo. Huo ndio selulosi. Tumbo la mtu halina kimeng'enya cha kuufungua muungano huo, kwa hiyo mtu hawezi kuishi kwa mabua. Ng'ombe naye hana. Anachokuwa nacho ni wapangaji: bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika ndani ya tumbo lake kubwa la kwanza, nao ndio wanaovunja selulosi na kumlipa ng'ombe pango. Mfugaji wa zizini anayelisha mabua na migomba kwa kweli hulisha vijidudu hao kwanza. Hii pia ndiyo sababu ya kutobadili chakula cha ng'ombe kwa ghafula, kwani wapangaji wa zamani hawakujiandaa kwa chakula kipya, na maziwa hupungua.

Katika jamaa hii ya sukari kuna mmoja anayetugharimu fedha kila msimu, naye ni pektini. Kahawa yetu ya arabika ikimenywa, punje hutoka zikiwa zimevikwa ute unaoteleza. Ute huo kwa sehemu kubwa ni maji, lakini kinachoufanya ushikamane na ganda jembamba la punje ni pektini, mnyororo mrefu wa sukari iliyogeuka asidi. Maji matupu hayauondoi. Tukiijaza kahawa katika birika na kuivundika, bakteria na hamira hutoa vimeng'enya vinavyoikata pektini vipande vipande, na hapo ute huachia na kuoshwa.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana nimesikia makatibu wakiulizana, "Ninyi mnavundika saa ngapi?" kana kwamba jibu la chama kimoja linafaa kwa chama kingine. Kazi ya kimeng'enya hutegemea joto. Kahawa iliyovundikwa chini kwenye joto inaweza kuwa tayari kabla siku haijaisha. Ile ya juu mlimani, penye baridi ya usiku, yaweza kuhitaji siku moja na nusu au mbili, na katika majira ya ukungu hata zaidi. Atakayefuata saa za jirani yake ataosha kahawa ambayo bado ina ute, nayo itashika ukungu kwenye vichanja. Au ataichelewesha, na vijidudu wakimaliza ute wataendelea na asidi na harufu zitakazoingia kwenye punje yenyewe. Punje chache zilizooza huweza kuharibu ladha ya gunia zima, na mwonjaji wa kahawa hatauliza ni ya mwanachama yupi. Bei itakatwa kwa wote.

Kipimo kilicho cha haki ni mkono. Chota punje, zioshe, zisugue kiganjani. Zikiteleza, pektini bado ipo. Zikikwaruza na kulia kama changarawe, osha saa ile ile, hata kama ni usiku. Wala usichanganye kahawa iliyomenywa leo na ile ya jana katika birika moja, maana utakuwa na saa mbili tofauti katika chombo kimoja na hapana mkono utakaozitenganisha. Baada ya hapo kuna kukausha mpaka unyevu ubaki asilimia 10 hadi 12. Vimeng'enya na ukungu huhitaji maji ili vifanye kazi. Ukiviondolea maji, vinalala.

Mafuta na hila ya laktomita

Juu ya mafuta nitasema machache. Molekuli ya mafuta ina kichwa kidogo cha gliseroli na mikia mitatu ya asidi za mafuta. Haichanganyiki na maji, na ni nyepesi kuliko maji; ndiyo maana malai huelea. Wembamba wa utando unaozunguka kila chembe hai ya mwili umejengwa kwa jamaa za molekuli hizi.

Kwa makatibu wa maziwa, neno moja ni la lazima. Laktomita haipimi uaminifu. Inapima uzito wa maziwa yakilinganishwa na maji. Mwanachama akitia maji, usomaji hushuka. Akiengua malai, yaani akiondoa kilicho chepesi, usomaji hupanda. Basi mtu mjanja akiengua malai kisha akatia maji kiasi, laktomita itasoma kama kawaida na katibu atamshukuru. Kinyume chake, mtu mwema aliyeleta maziwa yenye mafuta mengi sana aweza kusomwa chini kidogo na kutiliwa shaka. Maziwa ya moto ya kutoka kiweleni nayo husoma chini. Yaachwe yapoe hadi kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye chombo. Nimewahi kuona laktomita ikitumiwa kama kitabu cha kiapo, nami nasema chombo hicho ni shahidi mmoja tu.

Protini

Protini ndizo mafundi wa mwili. Misuli, nywele na kwato ni protini. Vimeng'enya vyote nilivyotaja ni protini. Kinga ya mwili ni protini. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ziko aina 20. Mwaka 1955 Mwingereza Frederick Sanger alikuwa amekwisha kusoma mpangilio wote wa insulini, protini ndogo yenye asidi amino 51, na watu wakajua kwa hakika kwamba kila protini ina mpangilio wake maalumu.

Lakini mpangilio hautoshi. Mnyororo wa protini hujikunja na kujifunga, na umbo linalotokea ndilo linalofanya kazi. Umbo hilo ni rahisi kuharibika. Ukivunja yai kwenye kikaango, ute wake uliokuwa maji maji huwa mweupe na mgumu. Hakuna kilichoongezwa. Joto limefungua mikunjo ya protini, minyororo iliyofunguka ikakamatana, na hairudi tena ilivyokuwa. Tafadhali likumbuke yai hili.

Protini kuu ya maziwa ni kaseini, takriban sehemu nne kati ya tano za protini yote iliyomo. Kaseini hukaa katika vifungu vidogo mno vinavyoelea, vikibeba kalisi na fosforasi za kujengea mifupa ya ndama. Kaseini hustahimili kuchemshwa; ndiyo maana maziwa mazuri huchemka na kupanda bila kukatika. Asiyoistahimili ni asidi. Bakteria wakila sukari ya maziwa na kutoa asidi, vifungu vya kaseini huacha kusukumana, hushikana, na tunapata mtindi. Maziwa yaliyoanza kuchacha yakipashwa moto hukatika upesi kwa sababu hiyo, na pua ya katibu hutosha kuyatambua.

Kuna protini nyingine za maziwa, zile zinazobaki katika maji ya maziwa baada ya kaseini kuganda. Hizi zinafanana na ute wa yai: joto huziharibu. Katika maziwa ya kawaida ni chache, hata hazionekani zaidi ya ule utando wa juu. Katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, ni nyingi ajabu. Maziwa ya kawaida yana protini kama asilimia 3. Dang'a ya mkamuo wa kwanza yaweza kufikia asilimia 14, na sehemu kubwa yake ni kingamwili. Ndama huzaliwa bila kinga ya mama yake, kwa kuwa kondo la ng'ombe haliipitishi. Utumbo wake huweza kuzipokea kingamwili zikiwa nzima kwa muda wa saa 24 hivi tangu kuzaliwa, na kila saa ipitayo uwezo huo hupungua. Ndama aliyenyimwa dang'a katika saa za mwanzo amenyimwa chanjo, na mara nyingi hufa kwa kuhara kabla hajafikia kuachishwa. Kwa hiyo dang'a ina thamani kubwa zaidi tumboni mwa ndama kuliko ndooni.

Nitoke kidogo nje ya zizi. Asidi amino kadhaa mwili wa mtu hauwezi kuziunda wenyewe. Sharti zitoke katika chakula. Mahindi yana protini, lakini ina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini. Maharage yana lisini ya kutosha ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Sahani ya makande, ambayo watoto wetu wa shule hulalamika kuila kila siku, ni mkataba wa haki baina ya pande mbili, kila mmoja akilipa deni la mwenzake. Loshoro nayo, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, hufanya kazi hiyo hiyo.

Ndizi peke yake haiwezi. Protini yake ni kama asilimia 1 tu. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipokuwa akifanya kazi huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, alieleza mwaka 1933 ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi. Mwaka 1935 akautangaza kwa jina la lugha ya Kiga, ambalo sisi tumelifanya kwashakoo. Jina lile linahusu maradhi ya mtoto mkubwa anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Hapa Afrika Mashariki, Daktari Hugh Trowell na wenzake wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliuchunguza kwa miaka mingi katika nchi ya walaji ndizi, na mwaka 1954 wakatoa kitabu juu yake. Wataalamu wa leo husema uhaba wa protini peke yake hauelezi ugonjwa wote. Maambukizo na upungufu mwingine vimo pia. Hata hivyo mtoto aliyeachishwa ziwa akapewa mtori usio na nyama, maziwa wala maharage yu hatarini, na mwanachama anayeuza maziwa yote hadi tone la mwisho ili kulipa deni la pembejeo na afikiri ni nani nyumbani kwake anayelipa riba.

Maandishi ya mbegu

Nani anaiambia chembe hai mpangilio wa asidi amino? Maagizo hayo yameandikwa katika molekuli ya nne, iitwayo kwa kifupi DNA. Huu ni uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, wenye herufi nne tu. Herufi tatu tatu husomwa kama neno, na kila neno hutaja asidi amino moja. Umbo lake lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin. DNA iliyomo katika chembe moja ya mwanadamu ikinyooshwa hufikia kama mita mbili.

Kosa la herufi moja linaweza kuwa zito. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ina asidi amino 574 katika minyororo minne. Katika ugonjwa wa selimundu, asidi amino moja tu imebadilika katika kila mmoja wa minyororo miwili iliyo sawa, na seli za damu hujikunja kama mundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kosa hilo halikupotea katika nchi zenye mbu.

Kwa wakulima wa kahawa somo la DNA liko kitaluni. Arabika ni mzaliwa wa kukutana kwa mimea miwili, robusta na mwingine wa porini, na hubeba kromosomu 44 mahali ambapo robusta ina 22. Aina zetu za zamani, kama N39 na KP423, zina kikombe kizuri lakini hushambuliwa na kutu ya majani na chulebuni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungo, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo. Miche yake huzalishwa kwa vikonyo, kwa kuunganisha au kwa chembe za tishu, ili kila mche uwe na maandishi yaleyale ya mama yake. Mwanachama anayeokota mbegu chini ya mti chotara na kuziotesha mwenyewe anachanganya herufi upya. Miche mingine itafaa, mingine itarudia udhaifu wa babu zake, naye hataijua ipi ni ipi mpaka miaka mitatu ipite na dawa iwe imemgharimu. Katibu akiulizwa kwa nini chama kinalipia miche ilhali mbegu ziko bure shambani, jibu ni hilo.

Ndoo ya mama

Sasa turudi alasiri ile. Tulikuwa na dhana mbili: unga, au dang'a. Zote mbili hupandisha laktomita, na zote mbili huharibu maziwa motoni, lakini molekuli zake ni tofauti. Unga ni wanga, na wanga una adui mmoja mwepesi wa kumpata. Mnyororo wa wanga umejizungusha kama chemchemi ya kitanda, na iodini ikiingia katikati ya mzunguko huo hutoa rangi ya buluu inayokaribia weusi. Protini haifanyi hivyo.

Tulimtuma kijana kwenye zahanati akaleta chupa ndogo ya iodini. Mbele ya halmashauri tuliweka vikombe viwili. Cha kwanza kilikuwa na maziwa ya mama, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Cha pili kilikuwa na maziwa ya mwanachama mwingine yaliyopokelewa vizuri asubuhi, tukayatia unga wa mahindi kidogo kwa makusudi, nayo tukayachemsha na kuyapoza. Iodini iliyodondoshwa katika kikombe cha pili iligeuka buluu iliyoiva. Katika kikombe cha mama ilibaki na manjano yake. Mjumbe mmoja alitaka kipimo kirudiwe kwa maziwa mengine kutoka ndooni, na alikuwa na haki. Kikarudiwa, matokeo yakawa yaleyale. Kisha tukayatazama mapande yenyewe kwenye mwanga wa dirisha: manjano, mororo, bila harufu ya kuchacha, kama yai lililovurugwa.

Mjumbe mmoja na mimi tulikwenda nyumbani kwa mama. Zizini mlikuwa na ng'ombe wawili, na chini ya mmoja ndama ambaye kitovu chake kilikuwa hakijakauka. Amezaliwa juzi, akasema mama. Yeye alikuwa akimkamulia ndama katika chombo cha peke yake. Lakini asubuhi ile alikuwa kanisani, na mjukuu wake ndiye aliyekamua. Kijana alikamua wote wawili katika ndoo moja, akidhani anafanya kazi vizuri.

Halmashauri ilifuta shtaka la udanganyifu. Maziwa yenyewe hayakulipwa, na hilo lilikuwa sawa, kwani chama hakiwezi kuuza maziwa yatakayokatika kwenye jiko la mnunuzi. Lakini kukataliwa kwa maziwa na kuitwa mwizi ni mambo mawili, na katika kumbukumbu za mkutano yaliandikwa kwa mafungu mawili tofauti. Niliomba pia katibu aongeze safu katika daftari la mapokezi: tarehe ng'ombe alipozaa. Maziwa ya ng'ombe huyo yasipokelewe kwa siku tano za kwanza kwa uchache, na yanapoanza kupokelewa yachemshwe kidogo kidogo kwa siku mbili kabla ya kumwagwa katika chombo cha pamoja.

Chama kinachotaka kununua iodini kwa ajili ya kipimo hiki na kiweke chupa katika kabati lisilopata mwanga, mbali na chumba cha mapokezi. Kipimo kifanywe katika kikombe kidogo, kamwe si katika ndoo, na maziwa yaliyopimwa yamwagwe. Matone matatu au manne yanatosha kwa kikombe. Tone moja halitoshi, kwa kuwa protini za maziwa nazo hunywa sehemu ya iodini. Wala kipimo kisifanywe maziwa yangali moto, maana rangi ya buluu hupotea katika joto, na aliyetia unga ataondoka akicheka.